Suzdal kwa siku moja: ni kweli mji huu uliokolewa na reli ambayo haikufika?

#1 MtaaWaMaklaya
Wakuu, salamu. Jumamosi iliyopita tulitoka Moscow, marafiki kutoka Tanzania, Kenya na Burundi tunaosoma hapa, tukaenda kuutazama mji wa Suzdal katika mkoa wa Vladimir na kurudi usiku wa siku hiyohiyo. Kwa wasiojua njia, tulipanda treni ya Lastochka katika stesheni ya Kursky saa moja asubuhi, ikatufikisha Vladimir kabla ya saa mbili za safari kutimia, kisha tukahamia kituo cha mabasi kilicho mkabala na stesheni na kupanda basi la Suzdal, ambayo iko kilomita 26 hivi kaskazini mwa Vladimir.

Mji wenyewe una wakazi wapatao elfu kumi tu, lakini popote utakapogeuza macho utaona kuba au mnara wa kengele. Ngome ya kale imekaa kwenye pindo la mto Kamenka, na ndani yake limo Kanisa Kuu la Kuzaliwa kwa Bikira Maria lenye kuba tano za buluu zilizopambwa kwa nyota za dhahabu. Nyumba za watu ni za chini, nyingi za mbao, kila moja na bustani yake, na hakuna jengo la makazi linaloshindana na makanisa kwa urefu.

Aliyetutembeza alituambia kwamba reli ya kutoka Moscow hadi Nizhny Novgorod, iliyokamilika mwaka 1862, ilikuwa ipite Suzdal, lakini wafanyabiashara wa mji walikataa kuwahonga wahandisi, reli ikapita Vladimir, viwanda vikaenda huko, na Suzdal ikabaki ilivyokuwa. Tuliyakubali maelezo hayo mchana kutwa, ila tulipokuwa ndani ya treni ya kurudi mmoja wetu aliuliza iwapo mji unaweza kweli kuhifadhiwa na kitu ambacho hakikutokea, tukabishana hadi Moscow. Mwenye ujuzi zaidi atufafanulie.

#2 MwalimuWaJiografia
Swali zuri. Tuanze na hilo la hongo, kwa sababu ni hadithi ambayo husimuliwa kuhusu miji mingi iliyopitwa na reli, si Urusi pekee, na ukitazama ramani utaona haikuhitajika hongo yoyote. Njia fupi ya kutoka Moscow kwenda Nizhny Novgorod inafuata kwa ujumla bonde la mto Klyazma, na Vladimir iko juu ya bonde hilo. Tena Vladimir ilikuwa makao makuu ya jimbo, wakati Suzdal ilikuwa mji wa wilaya tu. Mhandisi gani angeiacha makao makuu ya jimbo, akapinda kwenda kaskazini kilomita 26, kisha akarudi tena kusini?

Hata hivyo sikatai athari ya reli yenyewe. Baada ya mwaka 1862 biashara ilihamia kwenye stesheni, na mji usio na stesheni haukuwa na sababu ya kubomoa nyumba za zamani ili kujenga maghala na viwanda vikubwa. Sehemu hiyo ya maelezo ya kiongozi wenu inasimama.

#3 Binti_Pangani
Naungana na Mwalimu kuhusu hongo, ila naona hata yeye ameipa reli uzito mno. Suzdal ilikuwa imeanza kushuka zaidi ya miaka mia sita kabla ya treni yoyote kuwako duniani. Inatajwa kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za kale za Kirusi chini ya mwaka 1024, wakati wa njaa na ghasia zilizoongozwa na makuhani wa dini ya jadi, na karne iliyofuata Yuri Dolgorukiy, yuleyule anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Moscow, aliitawala nchi yote ya Rostov na Suzdal akiwa na makao yake hapo. Mwanawe Andrey Bogolyubsky alipotwaa madaraka mwaka 1157 aliyahamishia makao Vladimir, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa Suzdal kuwa mji wa pembeni. Mwaka 1238 majeshi ya Wamongolia yakauchoma. Baadaye kabisa, mwaka 1788, hata kiti cha askofu kilihamishiwa Vladimir.

Kwa hiyo reli ilipoichagua Vladimir ilifuata tu uamuzi ambao watawala na kanisa walikwisha kuufanya. Mji haukupitwa na reli pekee. Ulipitwa na karibu kila kitu.

#4 MzeeWaPatrice
Vijana wangu, nimesoma kwa furaha. Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba katika miaka ya 1970, na chuo kilikuwa kikitupeleka kwa mabasi kuitazama Suzdal na miji mingine ya kale ya upande huo. Nawaambia jambo moja ambalo kiongozi wenu hakulisema: reli isiyofika haikuezeka hata paa moja. Waliofanya kazi hiyo ni serikali ya Kisovieti na wataalamu wake wa ukarabati, na kila tulipokwenda tulikuta majukwaa ya mafundi yamezunguka kuta.

Mwaka 1967 ulitolewa uamuzi wa kuifanya Suzdal kuwa kituo cha utalii, na mwaka 1977 ikafunguliwa hoteli kubwa ya watalii nje kidogo ya mji wa kale, ikawekwa mbali kwa makusudi ili isiharibu mandhari. Hata jina la Pete ya Dhahabu, yaani mzunguko wa miji ya kale iliyo kaskazini mashariki mwa Moscow, ambalo leo kila wakala wa safari analitumia, lilizaliwa mwaka huohuo wa 1967, pale mwandishi Yuri Bychkov alipozungukia miji hiyo na kuchapisha makala zake katika gazeti la Sovetskaya Kultura. Msidhani kwamba ni jina la enzi za wafalme.

#5 Baridi_Bingwa
Shikamoo Mzee. Ila Mzee wangu, hicho chuo cha Lumumba kiliondolewa jina hilo mwaka 1992, sisi tunakiita Chuo cha Urafiki wa Mataifa. Na mleta uzi hajatuambia jambo la msingi kuliko historia yote, yaani mlivaa nguo ngapi. Mimi nilipelekwa Suzdal mwezi wa Januari na kumbukumbu pekee niliyorudi nayo ni ya masikio yangu.

#6 KaraniWaVoi
Baridi_Bingwa, jina lilirudishwa mwaka 2023, kwa hiyo Mzee yuko sahihi kwa zamani na kwa sasa, na wewe ndiye uliyebaki katikati.

Nami nina swali ambalo linaambatana na la mleta uzi. Mji wa watu elfu kumi una makanisa zaidi ya thelathini na monasteri tano. Hata tukikubali kwamba yalihifadhiwa, kwa sababu ipi yalijengwa mengi hivyo? Nilipofika huko niliona makanisa mawili yamesimama bega kwa bega ndani ya uzio mmoja, na nikajiuliza kama waumini walikuwa wamegombana.

#7 FundiMawe
Karani, hawakugombana, walikuwa wanaogopa gharama ya kuni. Parokia nyingi za Suzdal zilijenga makanisa kwa jozi. Moja ni refu, lenye madirisha makubwa na kuba zinazopanda juu, na halina jiko la kupashia joto. Hilo ni la kiangazi. La pili ni fupi, dari yake iko chini, kuta zake ni nzito na lina jiko; hilo ni la majira ya baridi. Anayefahamu ujenzi ataelewa mara moja kwamba kupasha joto ukumbi mrefu wakati nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri ni kuutupa moto angani. Ukishalijua hilo, gawanya idadi ya makanisa kwa mbili na mji utaanza kueleweka.

Naomba pia niwatahadharishe kuhusu neno "ilivyokuwa" ambalo mleta uzi amelinukuu. Mwaka 1719 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, ambayo ilikuwa ya mbao. Makanisa mengi ya matofali yaliyopakwa chokaa ambayo watalii huyapiga picha yakidhaniwa kuwa ya Enzi za Kati ni ya karne ya 18, yaliyojengwa mahali pa yale ya mbao. Hata lile Kanisa Kuu lenye nyota ni majengo mawili katika moja. Sehemu ya chini ni ya mawe meupe ya chokaa ya miaka ya 1222 hadi 1225, yenye nakshi za kuchongwa, lakini sehemu ya juu ilijengwa upya kwa matofali kati ya mwaka 1528 na 1530. Ukisogea karibu na ukuta utaiona tofauti kwa macho, maana jiwe lina uso mmoja na tofali lina mwingine. Sasa tunapouliza nini kiliuhifadhi mji, tunazungumzia mji upi: wa karne ya 13, wa karne ya 16, au ule ulioinuka baada ya moto?

#8 Mke_wa_Bustani
Mbona hakuna anayezungumzia udongo? Suzdal iko katikati ya eneo linaloitwa Opolye, nchi wazi yenye udongo mweusi na wenye rutuba katikati ya ukanda wa misitu, na nafaka ya huko iliulisha hata mji wa Novgorod katika karne za kale. Watu wa Suzdal walikuwa wakulima wa bustani wanaoishi mjini. Matango yao na vitunguu vyao viliuzwa mbali, na hadi leo wanayo sikukuu ya tango kila mwezi wa Julai, iliyoanza mwaka 2001, ambayo hufanyika kwenye jumba la makumbusho la majengo ya mbao.

Mimi naona mpango wa mji uliopitishwa mwaka 1788 ulifuata maisha hayo. Mtu anayepata riziki yake kwenye bustani iliyo nyuma ya nyumba hana haja ya ghorofa, na hatakubali kuiuza bustani ijengwe kiwanda. Kwa hiyo nyumba za chini mlizozisifu ni matokeo ya tango na kitunguu kabla hazijawa matokeo ya sheria ya serikali yoyote.

#9 MwalimuWaJiografia
Mke_wa_Bustani, hoja yako ni ya msingi, ila inaeleza nyumba tu. Monasteri hazikujengwa kwa fedha za matango. Zilikuwa na vijiji na mashamba makubwa hadi mwaka 1764, Ekaterina wa Pili alipozinyang'anya ardhi, na tangu hapo nyingi zilianza kudhoofika. Ile ya Mtakatifu Yevfimy, iliyoanzishwa mwaka 1352 na kuzungushiwa ukuta mwekundu wenye minara 12, ilinusurika kwa njia nyingine kabisa.

#10 MtaaWaMaklaya
Asanteni nyote. Mwalimu, endelea na hilo la monasteri, kwa sababu sisi tulikaa humo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tulisubiri kengele zipigwe, na mpigaji alizipiga kwa mikono na miguu kwa kamba zilizofungwa pande zote, watu wote uwanjani wakanyamaza. Baadaye tukaingia katika kanisa lenye michoro ya ukutani ya mwaka 1689 iliyofanywa na Gury Nikitin na mafundi wenzake kutoka Kostroma. Lakini nyuma ya kanisa hilo kuna gereza, na hatukupata muda wa kulielewa.

#11 Binti_Pangani
Mwalimu ataniwia radhi nikimtangulia. Gereza hilo lilianzishwa mwaka 1766 kwa amri ya Ekaterina wa Pili, kwa ajili ya wale walioitwa wazimu na wapotofu wa dini, na baadaye wapinzani wa siasa wakaongezwa. Fyodor Shakhovskoy, mmoja wa waasi wa Desemba 1825, alifia humo mwaka 1829. Enzi za Kisovieti kuta zilezile zikatumika kama gereza la kisiasa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kama kambi ya mateka, ambamo Fildi Mashali Friedrich Paulus wa Ujerumani alishikiliwa kwa muda mwaka 1943 baada ya kujisalimisha Stalingrad.

Hapa ndipo napendekeza maelezo mengine, ingawa si mazuri kuyasikia: ukuta wa monasteri ulitunzwa kwa sababu kila serikali iliuhitaji. Jengo lenye kazi halibomolewi.

Ng'ambo ya mto mambo yalikuwa hayohayo kwa wanawake. Monasteri ya Pokrovsky, iliyoanzishwa mwaka 1364, ndiko Vasily wa Tatu alikompeleka mkewe Solomonia Saburova, baada ya kumlazimisha kuwa mtawa mwaka 1525 kwa kuwa hakuzaa, ili amwoe Elena Glinskaya ambaye alimzaa Ivan wa Kutisha. Peter Mkuu naye alimpeleka hukohuko mkewe wa kwanza, Yevdokia Lopukhina, mwaka 1698.

#12 KaraniWaVoi
Kuhusu Solomonia, sisi tulisimuliwa kwamba alijifungua mtoto wa kiume mlemle ndani ya monasteri, akamficha, na akatangaza kuwa amekufa. Ikasemekana kwamba kaburi la mtoto lilipofunguliwa lilikutwa tupu.

#13 Binti_Pangani
Halikuwa tupu kabisa, na ndiyo maana hadithi haiishi. Mwaka 1934 mtaalamu Alexei Varganov alifukua karibu na kaburi la Solomonia na kukuta jeneza dogo la mbao lenye mabaki ya vitambaa na fulana ya mtoto, lakini bila mifupa. Wapo wanaosema ni ushahidi kwamba mtoto alitoroshwa na mwanasesere akazikwa badala yake. Wapo wanaosema mifupa ya mtoto mchanga huoza ikaisha. Wengine wanaamini kwamba hadithi yote ilitungwa na maadui wa Ivan wa Kutisha ili aonekane si mrithi halali. Kila kundi lina vitambaa vilevile mkononi.

#14 MwanaTabora
Nimewasoma kimya kimya tangu juu, na nashangaa jinsi watu wazima wanavyoweza kujadili Suzdal bila kuitaja medovukha. Ni kinywaji cha asali iliyochachushwa, chenye kilevi kidogo, na sisi wa Tabora tulipokionja tulitazamana na kusema kwa pamoja: wanzuki! Wao huweka viungo mbalimbali na kukiuza kwenye chupa nzuri. Kama alivyosema Mke_wa_Bustani, tusiidharau riziki ya shambani. Nyuki nao wana mchango wao katika kuuhifadhi mji, angalau kwa kuwapa watalii sababu ya kutokimbilia basi la kwanza.

#15 Baridi_Bingwa
MwanaTabora amejibu swali langu la nguo bila kukusudia.

#16 MwalimuWaJiografia
Nirudi kwa Mzee wa #4, kwa heshima zote. Ni kweli kwamba wataalamu wa Kisovieti walifanya kazi kubwa, na Varganov aliyetajwa hapo juu ni mfano bora. Lakini serikali hiyohiyo, katika miaka ya 1920 na 1930, ilibomoa makanisa kadhaa ya Suzdal, na mwaka 1933 lilibomolewa jengo la kaburi la Dmitry Pozharsky, shujaa aliyeongoza kuwafukuza Wapolandi kutoka Moscow mwaka 1612, ambaye sanamu yake imesimama hadi leo kwenye Uwanja Mwekundu jijini Moscow. Jengo lililopo sasa juu ya kaburi lake lilijengwa upya na kuzinduliwa mwaka 2009. Tukiipa serikali sifa ya paa lililoezekwa, tuiandikie pia paa lililong'olewa.

#17 MzeeWaPatrice
Mwalimu, hilo silipingi, na sisi wanafunzi tuliyaona magofu hayo. Ninachosema ni kwamba makanisa mengi ya kale yaliyobaki yangeanguka yenyewe kwa mvua na theluji kama yasingekuwa na fungu la bajeti. Jengo la matofali lililoachwa bila paa katika nchi ile haliwezi kudumu muda mrefu, kwa sababu maji huingia ufa, yakaganda, yakapanuka, na kuupasua ukuta. FundiMawe anieleze kama nimekosea.

#18 FundiMawe
Hukukosea, Mzee. Mawe meupe ya chokaa huathirika zaidi, maana hunyonya maji.

Tena hata hayo mawe yanabishaniwa. Watafiti wengi wanasema mawe meupe ya Suzdal na Vladimir yalichimbwa Myachkovo, karibu na Moscow, na kusafirishwa kwa mito na kwa magari ya theluji. Wengine wanashika mapokeo ya zamani kwamba yaliletwa kutoka kwa Wabulgaria wa mto Volga kama kodi ya walioshindwa. Mimi kama fundi nauamini mto, lakini sijawahi kumshawishi mtu anayependa hadithi ya ushindi.

#19 Msafiri_wa_Bagamoyo
Wakuu, jina langu linanilazimisha kusema neno. Bagamoyo ilipoteza makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia Dar es Salaam. Kupitwa tulipitwa vizuri kabisa, lakini majumba yetu mengi ya mawe yalianguka hata hivyo. Kwa hiyo kupitwa na reli hakutoshi, na hapo namuunga mkono Mzee: lazima awepo mtu wa kulipia chokaa.

#20 Mke_wa_Bustani
Msafiri, kule kwenu kuna chumvi ya bahari, hali si ileile. Ila nimekuelewa.

Nami niongeze la karibuni. Mwaka 2024 Suzdal iliadhimisha miaka 1000, na kabla ya hapo mji ulikarabatiwa sana, njia za waenda kwa miguu zikawekwa upya na kuta zikapakwa rangi. Rafiki zangu wanaoishi Vladimir wanalalamika kwamba sasa umekuwa safi kupita kiasi, kwamba kuhifadhi kumegeuka kupamba. Mimi nilipenda nilichokiona, lakini naelewa wanachokililia.

#21 MtaaWaMaklaya
Basi kundi letu limegawanyika zaidi kuliko lilivyokuwa ndani ya treni. Mwenzetu wa Burundi ameuchapisha uzi huu wote na anashikilia hoja ya gereza, mimi nimebaki kati ya udongo na bajeti, na yupo mmoja ambaye haondoki kwenye reli hata umwoneshe ramani.

Tunataka kurudi kabla ya majani kudondoka. Je, kwa siku moja tunaweza kuiona Kideksha pamoja na lile kanisa la mto Nerl karibu na Bogolyubovo, au tutajichosha?

#22 KaraniWaVoi
Kideksha iko kilomita nne au tano tu kutoka Suzdal, mahali Kamenka inapoingia Nerl, na kanisa lake la Boris na Gleb la mwaka 1152 ni miongoni mwa majengo ya kwanza ya mawe meupe katika sehemu hiyo ya Urusi. Mnaweza kwenda kwa teksi au hata kwa miguu mkiwa na viatu vizuri. Bogolyubovo iko upande mwingine, mashariki mwa Vladimir, na kutoka stesheni yake mtatembea zaidi ya kilomita moja kuvuka uwanda wa majani hadi kanisani. Majira ya kuchipua mafuriko hukizunguka kilima kidogo lilipo kanisa na njia hukatika. Kwa siku moja chagueni kimoja. Na basi la Suzdal lina jambo moja: kituo chake kiko mbali kidogo na katikati ya mji, hivyo ongezeni nauli ndogo mkae humohumo hadi uwanja wa biashara.

#23 Binti_Pangani
Nyongeza moja kwa Karani. Kanisa la Nerl kwa kawaida huandikwa mwaka 1165, lakini wapo wanaotetea mwaka 1158. Mkikuta kibao chenye mwaka mmoja na kitabu chenye mwingine, msimlaumu muuza tiketi.

#24 Baridi_Bingwa
Yule wa reli naye mpelekeni Bogolyubovo. Treni zinapita mbele kabisa ya monasteri ya huko, na kuta bado zimesimama. Atueleze hiyo ilihifadhiwa na nini.